Vumbi Jeupe

Mtu akizoea kusifiwa, hata kikohozi chake hukiona wimbo. Ndivyo alivyokuwa Bi Mizani. Sisemi kwa ubaya. Alikuwa mwanamke mwema, mwenye magoti mabovu na moyo mzima, na katika miaka kumi na mmoja aliyolitunza banda kitalu la kituo cha utafiti hakuwahi kukosea kipimo hata siku moja. Ila alilijua hilo, na kila aliyekaa naye zaidi ya dakika tano alilijua pia.

Jina lilitokana na kazi. Ndani ya lile banda la nailoni na nyavu, mtama ulisimama kwenye makopo sitini ya plastiki, kila kopo na namba yake. Kila siku saa moja asubuhi Bi Mizani alinyanyua kopo moja baada ya jingine, akaliweka juu ya mizani, akasoma, akaongeza maji kwa birika dogo mpaka kipimo kikatimia. Makopo thelathini yalikuwa ya wanywaji, na hayo yalijazwa hadi kilo nne na gramu mia mbili. Thelathini yalikuwa ya wenye kiu, na hayo hayakuruhusiwa kuvuka kilo tatu. Haya majina ya wanywaji na wenye kiu aliyabuni mwenyewe, na baada ya mwezi hata Daktari akawa anayatumia.

Daktari ndiye aliyekuwa mwenye mradi. Alikuwa mtafiti wa miaka thelathini na kitu, angeweza kuwa binti yake, mpole, mwenye kutafuta miwani huku ameivaa kichwani. Alichotaka kukijua kilikuwa rahisi kusema na kigumu kupata. Kila mmea, alimweleza Bi Mizani siku ya kwanza, umebeba ndani yake maagizo ya maisha yake yote, ndiyo vinasaba, lakini hauyasomi yote kwa wakati mmoja. Maji yakiwepo husoma haya. Maji yakikatika hufungua kurasa nyingine: ziba vitundu vya majani, peleka mizizi chini, acha kurefuka.

"Nataka kujua mtama huu ukishikwa na kiu unaamsha vinasaba gani, na gani vinaendelea kulala," alisema Daktari. "Wenye kiu ndio watatuambia. Wanywaji kazi yao ni kukaa kimya tu, ili tuwasikie wenzao."

"Kama wodini," alijibu Bi Mizani. "Wazima wasipige kelele."

Alikuwa ameelewa kuliko wengi wenye vyeti ukutani.

Kila baada ya wiki mbili, saa nne kamili asubuhi, Daktari alikuja na mkasi, akakata vipande vya majani na kuvitumbukiza papo hapo kwenye naitrojeni, ile hewa iliyopozwa mpaka ikawa maji yanayofuka moshi, ili jani ligande kabla halijabadilisha maneno. Vipande vilikwenda maabara, mlango wa tatu kwenye korido, kwa bwana mmoja aliyeitwa Vichupa. Kazi yake ilikuwa kuvisaga vikiwa bado vimeganda, kuvigawa kwenye vichupa vidogo kama kidole cha mwisho cha mtoto, na kuviingiza kwenye mashine iliyopima ni kinasaba gani kimeamka na kwa nguvu kiasi gani.

Vichupa alikuwa pia mume wa mdogo wake Bi Mizani. Alikuwa mtu wa kupiga mluzi kazini, wa shati lililotoka nje ya suruali, wa utani kabla ya salamu. Miaka minane sasa shemeji hao wawili walikuwa wakikutana kwenye korido lile lile, na miaka minane Bi Mizani alikuwa akilitazama lile shati. Kwa maoni yake, mtu anayeshindwa kuchomekea hawezi kuaminika na kitu chochote kinachohitaji namba.

Sasa msimu huo barabara ya nyuma ya kituo ilikuwa ikitengenezwa. Magreda yalinguruma kutwa nzima, na vumbi jekundu likapita kwenye nyavu za banda na kutua juu ya kila kitu. Bi Mizani hakuweza kulivumilia. Wiki ya kwanza tu alileta kitambaa cha pamba kutoka nyumbani, na ikawa kila akimaliza kuwanywesha wanywaji, alikilowesha, akakikamua, akamfuta kila mmoja: jani kutoka shinani hadi nchani, juu na chini, kisha bua. Wenye kiu hakuwagusa. Amri ilikuwa wasipewe hata tone la ziada, na kitambaa kibichi ni maji. Hilo alilifikiria vizuri kabisa, na akajipongeza kwa kulifikiria.

Kwenye daftari aliandika uzito, maji na joto la banda. Kufuta hakukuandika. Mtoto akishanyweshwa hufutwa mdomo, na sijui ni mama gani aliyewahi kuliandika hilo mahali.

"Wanywaji wako wanang'aa, mama," Daktari alimwambia siku ya kukata majani ya kwanza. Yeye alidhani ni afya ya maji. Bi Mizani alidhani amesifiwa. Wote wawili wakaridhika, na mambo yakaenda hivyo.

Wiki ya nne ilipokaribia, goti la kushoto likavimba. Daktari wa zahanati, tofauti na yule wa mtama, akamwamuru alale nyumbani siku tisa. Siku hizo asubuhi Vichupa ndiye aliyepima na kumwagilia banda, na sampuli za wiki ya nne Daktari alizisaga mwenyewe ili kumpunguzia mzigo. Jioni, Vichupa alipita kwa shemeji yake kumsaidia kumhudumia mama mzazi aliyeishi naye, maana Bi Mizani hakuweza hata kufika jikoni. Mkwe huyo hakuwa na makuu.

Siku aliyorudi kazini, Bi Mizani aliingia bandani akasimama mlangoni, mkono kiunoni.

"Shemeji! Huu ni mtama au matofali?"

"Shikamoo kwanza," alisema Vichupa.

"Marahaba. Tazama vumbi hili! Umeniachia watoto wachafu siku tisa!"

"Shemeji, uliniandikia pima, mwagilia, andika. Nimepima, nimemwagilia, nimeandika. Kuogesha hukuandika."

"Mtu mzima haandikiwi usafi."

"Basi nimekoma. Na hilo goti, nalo nilipandishe kwenye mizani?"

Bi Mizani alimpa mgongo. Alikwishalowesha kitambaa.

Jumatatu ya wiki ya nane, Daktari alimwita ofisini. Ilikuwa chumba kidogo chenye meza moja, viti viwili na masanduku ya bahasha za mbegu hadi kwenye dirisha. Mezani palikuwa na karatasi yenye nguzo za rangi, fupi na ndefu.

"Kaa, mama. Mradi umeharibika," alisema Daktari. Hakupandisha sauti, na hilo lilimtisha Bi Mizani kuliko angepiga kelele. "Wanywaji wanalia. Hawajawahi kukosa maji hata siku moja, lakini vinasaba vyao vya shida viko macho kama vya wenye kiu, na vingine zaidi. Wote wakilia, nitajuaje nani analia kwa kiu?"

"Wamekosaje kutulia na maji wanapata?"

"Ndiyo nilivyojiuliza. Tena wamekuwa wafupi kuliko nilivyotegemea. Lakini angalia hapa." Kidole kikatua katikati ya karatasi. "Wiki ya pili, kelele. Wiki ya sita, kelele. Wiki ya nne, kimya. Sasa wiki ya pili na ya sita sampuli alisaga nani? Vichupa. Wiki ya nne? Mimi." Alivua miwani. "Nadhani kile kijiko chake cha kuchotea unga wa majani hakifuti vizuri akitoka sampuli moja kwenda nyingine. Mabaki ya wenye kiu yanaingia kwa wanywaji. Nimemwuliza leo asubuhi, anasema anafuta. Sina ushahidi kwamba hafuti, nina hizi nguzo tu."

Hapo ndipo Bi Mizani angeweza kunyamaza. Ulimi hauna mfupa, lakini meno yapo ya kuuzuia. Hakuyatumia.

"Daktari, yule ni mume wa mdogo wangu na simwombei mabaya," alisema. "Lakini ukweli hauna shemeji. Kufuta hajui. Hata banda aliniachia likiwa vumbi tupu."

Daktari aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyekuwa na shaka moja na sasa imeondoka. "Ijumaa Mkuu wa kituo anasaini mikataba ya mwaka. Wako hauna shida, mama. Wake nitaomba usisainiwe."

Bi Mizani alitoka na mgongo ulionyooka, na ulinyooka mpaka nusu ya korido. Halafu alimkumbuka mdogo wake, mwenye mimba ya miezi saba na watoto wawili, asiyekuwa na mshahara mwingine nyumbani isipokuwa wa yule mtu wa shati la nje. Alijiambia kwamba hakusema uongo. Alijiambia hivyo njia nzima kurudi nyumbani, na mtu anayesema kweli kwa kawaida halazimiki kujikumbusha.

Mama yake alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Alikuwa mwembamba, amevuka miaka themanini, mikono inatetemeka ila maneno hayatetemeki. Bi Mizani alimtengenezea chai, akamshikia kikombe, akamnywesha taratibu. Kikombe kilipokwisha alichukua kitambaa kibichi kama kawaida, akamfuta mdomo, kidevu, mashavu, paji la uso.

"Wewe mtoto!" Mama aliusukuma mkono wake. "Umenifuta mafuta yangu tena."

"Kuna chai kidevuni, mama."

"Chai ni tone moja. Wewe umefuta uso mzima. Ngozi yangu inapasuka, najipaka mafuta, unakuja na hilo dude unayaondoa. Kila siku! Unapiga deki?"

"Mama, nakusafisha."

"Nani alikuambia mafuta ni uchafu?" Mama alitafuta kopo la mafuta pembeni ya kiti, akalikosa, akalipata. "Mumewe mdogo wako alipokuwa anakuja jioni, wakati mguu unakuuma, alikuwa ananipa chai yangu, anakaa, tunacheka. Hakunigusa na kitambaa hata mara moja. Siku tisa, ngozi ikapona. Ulipoinuka wewe tu, nikaanza kuwashwa upya."

Bi Mizani alicheka kidogo, kama mtu anavyocheka mama akilalamika. Akakichukua kikombe kwenda nacho jikoni. Alipofika kwenye karo akasimama, bomba linamwaga maji, kikombe mkononi.

Siku tisa.

Katika zile siku tisa Vichupa hakuwepo kwenye vichupa. Hivyo ndivyo Daktari alivyohesabu, na hesabu ilikuwa sahihi. Lakini katika siku zile zile tisa, kuna mtu mwingine ambaye hakuwepo mahali pake.

Akafunga bomba. Chakula cha jioni alikipika bila chumvi, na mama yake akakila bila kusema neno, jambo ambalo si la kawaida katika nyumba ile.

Jumanne saa moja asubuhi alikuwa bandani. Hakupima kwanza. Alikwenda kwa mwenye kiu wa karibu, namba thelathini na moja, akainama kadiri goti lilivyoruhusu. Juu ya jani palikuwa na vumbi jekundu. Lakini kwenye bua, na upande wa chini wa jani, chini ya lile jekundu, palikuwa na kitu kingine: unga mweupe, mwembamba, umelala sawasawa kama umepakwa. Alipita kidole, ukatoka. Akaenda kwa mwenye kiu wa pili, wa tatu, wa kumi. Wote walikuwa nao. Kisha akageukia wanywaji wake. Mabua yalikuwa ya kijani kitupu, yanang'aa. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na unga huo, isipokuwa kwenye majani machanga ya juu kabisa ambayo yalikuwa hayajafikia zamu ya kufutwa.

Kitambaa kilikuwa kimening'inia kwenye msumari. Alikikunjua. Kilikuwa chekundu, na kwenye mikunjo palikuwa na nyeupe. Miezi miwili alikuwa akiisuuza ile nyeupe akidhani ni vumbi. Na barabara ile ni nyekundu kutoka mwanzo wake hadi mwisho.

Ndoo ilikuwa pale. Sabuni ilikuwa pale. Watu wa kituo wangeanza kufika baada ya saa nzima. Nyani haoni kundule, wahenga walisema. Hawakusema afanye nini siku atakayoliona, tena yuko peke yake na ndoo ya maji iko jirani. Angekifua kile kitambaa, asingefuta tena, na msimu ujao wanywaji wangekaa kimya. Kila mtu angesema: mnaona, tangu Vichupa aondoke mambo yamenyooka.

Bi Mizani aliogopa. Nalisema wazi kwa sababu yeye mwenyewe alilisema baadaye. Aliogopa kuitwa mzembe katika umri ambao mtu hana tena muda wa kusahauliwa makosa. Aliogopa Ijumaa ya mkataba, kwa kuwa mwanamke wa miaka hamsini na nane mwenye goti bovu haajiriwi mara mbili. Lakini zaidi ya yote, na hili lilimshangaza, alikuwa na huzuni kwa ajili ya mtama. Mimea thelathini, kila asubuhi, kwa mkono wake mwenyewe, na huku akiiita wanangu.

Alipima makopo yote sitini, akaandika. Kitambaa hakukifua. Alikitia kwenye mfuko wa nailoni, akavuka uwanja, akagonga mlango wa Daktari.

"Siyo Vichupa," alisema kabla hajakaa. "Ni mimi. Nilikuwa nawafuta."

"Unawafuta nini?"

"Wanywaji. Majani na mabua. Kila asubuhi tangu wiki ya kwanza, kwa sababu ya vumbi. Isipokuwa zile siku nilizolala nyumbani. Tazama."

Daktari aliitafuta miwani mezani, akaikumbuka kichwani, akaishusha. Alikitandaza kitambaa chini ya taa na kukitazama kwa kioo cha kukuzia, kwa muda mrefu, mpaka Bi Mizani akaanza kuyahesabu masanduku ya mbegu.

"Hili jekundu ni barabara," Daktari alisema mwishowe. "Hii nyeupe siyo vumbi, mama. Ni nta. Mtama unaitengeneza wenyewe na kujipaka, ili maji yasiutoke."

"Unajipaka," alisema Bi Mizani. "Kama mafuta."

"Kama mafuta."

Bi Mizani akakaa.

"Na hata kusuguliwa kwenyewe," Daktari aliendelea, na sauti yake ilikuwa imebadilika, kwa kuwa akili ilikuwa imeanza kukimbia. "Mmea hauna macho. Jani likiguswa hivyo, haujui kama ni mkono wa mtu mwema. Unadhani ni mdudu, mnyama, upepo mkali. Unaamsha kila kinasaba cha kujikinga, unaacha kurefuka, unakaza bua. Ndiyo maana wafupi."

"Nilidhani wamekomaa."

Daktari aliinuka. Aligeukia dirisha, na kwa dakika nzima mgongo wake ndio uliozungumza: miezi miwili, sampuli mia na ushee, ripoti iliyokuwa iandikwe. Alipogeuka macho yalikuwa mekundu.

"Kwa nini hukuandika?"

"Sikujua kama ni kazi. Kazi ninaiandika. Hii niliona ni kuwapenda tu."

Daktari alikikunja kitambaa, akakirudisha kwenye mfuko wake.

"Haya," alisema Daktari, akajifuta jicho kwa mkono wa koti. "Mimi jana nilikuwa na hakika, na nilikosea. Leo wewe una hakika. Sitaki tena hakika ya mtu. Tuiulize mimea."

Nyuma ya banda, kwenye kona, palikuwa na makopo manane ya akiba. Yalinyweshwa kama wanywaji, lakini kwa kuwa hayakuwa ya jaribio, Bi Mizani hakuwahi kuyafuta. Siku ya Jumatano asubuhi, Daktari alichagua manne kwa kuokota namba kwenye kofia.

"Fanya kama unavyofanya siku zote," alimwambia.

Bi Mizani alilowesha kitambaa kipya, akakikamua. Kazi hiyo alikuwa ameifanya zaidi ya mara elfu na hakuwahi kuihisi. Safari hii aliihisi: jani linavyokokota chini ya pamba, nta inavyoachia. Alifuta yote manne mpaka mwisho kwa sababu aliombwa, na mkono ulikuwa mzito. Nusu saa baadaye Daktari alikata, akagandisha, akaandika namba mpya juu ya vipande vinane ambazo maana yake aliijua yeye peke yake, kisha akavipeleka mlango wa tatu.

"Visage wewe," alimwambia Vichupa. "Peke yako, kwa kijiko chako kile kile."

Vichupa, tangu alipoambiwa Jumatatu kwamba mkataba wake uko mashakani, hakuwa amepiga mluzi. Alivipokea bila swali.

Ijumaa saa tatu asubuhi wote watatu walisimama mbele ya kompyuta ya maabara. Mistari minane, mmoja kwa kila kipande, ilianza chini kabisa ya kioo, imelala. Kisha minne ikainuka, mapema, pamoja, ikapanda kama inakimbizwa. Minne mingine ikaendelea kulala mpaka karibu na mwisho. Hapakuwa na mstari hata mmoja wa katikati, kama ambavyo kijiko kichafu kingefanya.

Vichupa aliinamia kioo. "Hizi nne zimefanywa nini? Zimepigwa?"

Daktari alisogea kando. Alimtazama Bi Mizani, akamwachia nafasi.

Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Huyu hakuwa amevuliwa na mtu. Alijivua mwenyewe, mbele ya mume wa mdogo wake, na kuchutama kwa goti lile si mchezo.

"Zimefutwa," alisema. "Na mimi. Kama nilivyofuta wanywaji wote miezi miwili. Kosa ulilosingiziwa ni langu, shemeji. Na kuna lingine. Daktari aliponiambia anakushuku, ningeweza kunyamaza. Nilimwambia kufuta hujui. Nilisema hivyo nikijiona mtu wa haki. Nisamehe."

Vichupa aliondoa mkono kwenye meza. Alimtazama kwa muda, na uso wake, ambao kila siku ulikuwa na utani mahali fulani pembeni, haukuwa nao.

"Mke wangu amelia siku nne," alisema.

"Najua."

"Na wewe ulimsikia akilia kwenye simu."

"Nilimsikia. Mpaka Jumanne asubuhi niliamini. Tangu Jumanne nilikuwa najua, na nilingoja hii mistari. Hilo nalo nisamehe."

Mashine ililia kidogo kuonyesha imemaliza. Vichupa akaizima.

"Nitakusamehe Jumapili, shemeji," alisema. "Leo niache nikasirike. Miaka minane sijapata nafasi."

Mchana Mkuu wa kituo alisaini. Mkataba wa Vichupa ulikuwa wa mwaka mzima. Wa Bi Mizani, kwa mara ya kwanza, ulikuwa wa miezi sita, tuone. Daktari alimtetea kwa maneno mengi, akasema kosa aliloliungama mtu ni bora kuliko usahihi wa wengi. Mkuu alisikiliza kwa adabu na kuacha miezi sita pale pale. Bi Mizani alisaini bila kunung'unika. Ilimuuma, na hakuona sababu ya kudai kwamba haikumuuma.

Mtama ulipandwa upya. Kwenye daftari jipya Daktari alichora safu ya ziada, akaipa jina: Mengineyo. Chochote kitakachofanyika bandani, hata kupiga chafya, kiandikwe humo. Siku miche ilipotoa majani ya kutosha kupokea vumbi, Bi Mizani alipima, akanywesha, akasimama mbele ya kopo namba moja na vumbi lake. Mkono ulikwenda wenyewe kwenye msumari. Msumari ulikuwa mtupu. Akachukua kalamu, akaandika kwenye Mengineyo: Sikufuta.

Lakini hiyo ilikuwa baadaye. Jumapili ile ya kwanza, saa kumi za jioni, Vichupa alikuja na mkewe, tumbo mbele, watoto nyuma. Alimsalimia mama mkwe kwanza, kwa makelele, akamsalimia shemeji yake pili, kwa sauti ya kawaida. Bi Mizani akamimina chai. Mama akataka kushika kikombe mwenyewe siku hiyo, kwa kuwa kulikuwa na wageni, na kila mtu akamwacha. Akanywa taratibu, kikombe kikicheza mikononi. Tone moja likatoka pembeni ya mdomo, likashuka, likasimama kidevuni.

Chumba kizima kililiona. Mdogo mtu alimtazama dada yake. Watoto walimtazama mama mkubwa, maana hata wao walijua kinachofuata. Kitambaa kilikuwa kwenye paja la Bi Mizani, kibichi, kimekunjwa tayari. Mkono ukainuka.

Akauona unavyoinuka. Akakiweka kitambaa kwenye mapaja ya mama yake, akarudi kukaa. Mama alikitazama kile kitambaa, akamtazama binti yake, akakiacha pale pale. Alijipitisha mgongo wa mkono kidevuni, akalikosa tone kabisa, akaendelea kunywa.

Bi Mizani aliikalia mikono yake yote miwili.

"Shemeji," alisema Vichupa, akiwa hamtazami, akitoa kalamu kwenye mfuko wa lile shati lake la nje na kumsogezea mezani. "Andika hiyo."

Mdogo wake ndiye aliyeanza kucheka, akishika tumbo. Bi Mizani alicheka wa mwisho na kwa muda mrefu kuliko wote, na machozi yalipomshuka hakutafuta kitu cha kuyafutia. Mama aliuliza nani anaandikwa, akaambiwa hakuna, akasema basi aongezwe chai. Uso wake uling'aa kwa mafuta yake mwenyewe, na lile tone likakauka pale pale lilipokuwa.